Bayo, Hayati na Mtarakwa

Kwetu Londiani bayolojia ni "bayo" tu. Unaikremu miaka minne, unafanya mtihani kwa Kiingereza, unasonga. Daftari la kila mtu linaanza vilevile: bios ni uhai, logos ni elimu, Kigiriki. Unabaki ukidhani Wagiriki wa kale walikaa darasani wakasoma bayo. Wapi! Aristotle aliandika mengi kuhusu wanyama, lakini jina hilo hakuwa nalo. Kigiriki cha baadaye kilikuwa na biologos, na huyo alikuwa mwigizaji, mtu wa kuiga maisha ya watu jukwaani. Mchekeshaji, kwa ufupi.

Jina la somo ni la juzi. Karl Friedrich Burdach alilitaja 1800. Mwaka 1802 Gottfried Reinhold Treviranus, daktari wa Bremen, Ujerumani, akaliweka kwenye jina la kitabu chake, na mwaka huohuo Jean-Baptiste Lamarck akalitumia Ufaransa. Hawa wawili wa 1802 walitaka neno moja la kukusanya mimea, wanyama na watu pamoja. Lugha zao hazikuwa nalo, wakaokota vipande vya Kigiriki wakaviunga.

Ndiyo maana huwa nawaka nikiambiwa Kiswahili hakiwezi sayansi. Hata hiyo bios haikuwa uhai hasa. Uhai uliitwa zoe. Bios ilikuwa maisha, namna mtu anavyoishi, hata riziki yake. Sisi tofauti hiyo tunayo, uhai na maisha, na vyote tulivitoa kwa Waarabu. Mzizi wa hai ukatupa pia hayati: kwa Kiarabu ni uhai, sisi tukambandika marehemu. Lugha yenye ubavu huo itashindwaje na seli? Mwaka 1990 TUKI, pale Dar es Salaam, walitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Fotosinthesisi tunaiita usanisinuru, na ukilikata neno katikati unaiona nuru.

Maneno mengine hayakungoja kamati. Wamaasai wana oltarakwai, Wakipsigis tarakwet, Kiswahili kikavaa m- yake kikasema mtarakwa. Huku wazee huchagua nguzo zake za ua kwa sababu mchwa hauziwezi kirahisi. Chuo cha misitu kiko papa hapa mjini, na vitabu vinauita Juniperus procera. Katika miaka minne ya bayo niliandika mamia ya majina ya Kilatini na Kigiriki. Mtarakwa sikuuandika hata mara moja, na ulikuwa unaonekana dirishani.