Safu ya Lugha: Ramli haina nyota

Nimesoma mahali kwamba wanajimu wa Kihindi "wamempigia ramli" Rabindranath Tagore, mshairi wa Kalkuta aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1913. Hapana, jamani. Ramli asili yake ni Kiarabu, maana yake mchanga: mpigaji huchora vitone mchangani, siku hizi hata karatasini, akavisoma kwa mafungu. Hana haja ya kutazama juu. Anayesoma nyota na sayari hupiga falaki, na kazi yake ni unajimu. Wapo wanaoliweka neno falaki kwa wanasayansi wa anga, wasiomtabiria mtu ndoa. Sigombani nao, mradi maneno yaliyolizunguka yawe wazi.

Kwa Tagore, neno lililofaa zaidi ni buruji, yaani fungu moja kati ya yale 12 ya njia ya jua. Alizaliwa tarehe 7 Mei 1861. Mnajimu wa Ulaya atakwambia jua lilikuwa katika buruji ya Ng'ombe. Wa Kihindi atasema Kondoo. Yule huanza hesabu pale jua linapovuka ikweta mwezi Machi, huyu hufuata nyota zenyewe, na leo wameachana kwa digrii 24 hivi. Wabengali humwadhimisha tarehe 25 Boishakh, mwezi unaoanza jua likiingia Kondoo kwa hesabu hiyo ya Kihindi. Sisi huiita buruji nyota, tukasema "nyota yangu Kondoo", na mazoea hayo nayaacha yapite, maana hata mnajimu Sheikh Yahya Hussein redioni alieleweka alipozungumzia nyota za watu.