Neno na Kipimo Chake: Lugha ya Sayansi katika Biashara ya Siha, tangu Mesmer hadi Radithor

Katika historia ya tiba hazikupata kuwako zama ambazo mgonjwa hakuuziwa tumaini pamoja na dawa. Jambo hilo ni la kale, wala halihitaji ushahidi mrefu. Lililo geni, na linalowahusu wachunguzi wa lugha pengine kuliko matabibu, ni desturi iliyoota mizizi Ulaya katika karne ya kumi na nane, pale muuzaji wa siha alipoanza kuacha majina ya nyota na mapepo, akaazima maneno ya wanasayansi. Tangu hapo uvumbuzi mkubwa hauchukui miaka mingi kabla ya kufuatwa na bidhaa yenye kubeba jina lake. Makala haya yanaeleza mifano mitatu ya uazimaji huo, yaani sumaku, umeme na radiamu, kwa kusudi la kuonyesha ni kitu gani hasa hupotea neno la sayansi linapohamia sokoni.

Yafaa kwanza kupambanua. Neno la kawaida lina maana iliyokubaliwa na wasemaji wake, na mipaka ya maana hiyo huweza kulegea pasipo madhara. Mtu akisema kwamba chai ni ya moto, hakuna anayemdai kipimajoto. Neno la sayansi, zaidi ya kuwa na maana, lina kipimo. Anayelitumia amejifunga kujibu maswali matatu: ni kiasi gani, kimepimwa kwa njia gani, na je, mtu mwingine akipima kwa njia hiyo atapata jibu lilo hilo? Vifungo hivyo ndivyo vinavyolipa neno heshima yake. Muuzaji huichukua heshima akaviacha vifungo.

I. Sumaku

Franz Anton Mesmer, aliyezaliwa mwaka 1734, alipata shahada ya udaktari mjini Vienna mwaka 1766 kwa tasnifu iliyohusu athari za sayari juu ya mwili wa binadamu. Zama zile zilikuwa zama za Newton, na nguvu ya uvutano ilikuwa imekwisha kueleza mwendo wa sayari na kupwa na kujaa kwa bahari. Mesmer aliona hapana kizuizi cha kuipeleka nguvu hiyo ndani ya mwili, akaiita uvutano wa viumbe hai. Mwaka 1774 alimtibu mwanamke mmoja kwa vipande vya sumaku, na tangu hapo istilahi yake ikabadilika, ikawa sumaku ya viumbe hai. Baadaye vipande vya sumaku vyenyewe aliviacha, akatibu kwa mikono mitupu. Walakini jina la sumaku hakuliacha. Hapa ndipo penye fundisho la kwanza kwa mwanaisimu: kitu kimekwisha kuondoka, na neno limesalia likifanya kazi peke yake.

Mesmer alihamia Paris mwaka 1778. Wagonjwa wake waliketi kuzunguka pipa lenye fimbo za chuma, wakazigusisha fimbo hizo mahali penye maumivu, na wengi wakapatwa na mitetemeko. Mwaka 1784 Mfalme Louis wa Kumi na Sita aliteua tume ya uchunguzi, na miongoni mwa wajumbe wake walikuwamo Benjamin Franklin, Antoine Lavoisier, mwanafalaki Bailly na daktari Guillotin. Tume haikubishana juu ya maneno. Ilidai kipimo. Katika bustani ya Franklin huko Passy mti mmoja ulitiwa "sumaku" na Deslon, mfuasi wa Mesmer, kisha kijana wa miaka kumi na miwili akafungwa kitambaa machoni na kuongozwa kutoka mti hata mti. Alizimia kwenye mti usiotiwa kitu. Wagonjwa wengine walitetemeka walipodhani kwamba wanatibiwa, na walipotibiwa bila ya kujua hawakuhisi neno. Wajumbe wakakata shauri kwamba kilichotenda kazi ni dhana ya mgonjwa mwenyewe, wala nguvu iliyodaiwa hawakuona dalili yake.

Yapasa kukumbuka kwamba watu wale hawakuwa wakijifanya. Mitetemeko ilikuwa ya kweli, na baadhi yao walipata nafuu ya kweli. Kosa lilikuwa katika jina. Kuiita nafuu ile kazi ya sumaku kulikuwa ni kudai ushahidi ambao haukuwapo.

II. Umeme

Mwaka 1791 Luigi Galvani wa Bologna alitangaza majaribio yake juu ya umeme katika misuli ya chura. Miaka mitano baadaye, mwaka 1796, daktari Elisha Perkins wa Connecticut, Marekani, alipata hataza ya vijiti viwili vya madini, kila kimoja urefu wa inchi tatu hivi, vilivyopitishwa juu ya ngozi ili kuvuta maumivu yatoke. Mwanawe alivipeleka London, na jozi moja ikauzwa kwa gini tano, fedha ambazo maskini hakuweza kuziota.

Mwezi wa Januari 1799 daktari John Haygarth alitengeneza huko Bath vijiti vya mti, akavipaka rangi vifanane na vile vya madini. Wagonjwa watano wa hospitali walipitishiwa vijiti vya mti, na wanne kati yao wakasema wamepata nafuu. Siku ya pili walipitishiwa vya madini, na matokeo yakawa yale yale. Mti haupitishi umeme kama madini yapitishavyo; basi ikiwa mti na madini vyatenda sawa, umeme hauna sehemu katika habari ile. Haygarth aliitangaza kazi yake mwaka 1800 katika kitabu kidogo kuhusu dhana kama chanzo cha maradhi na kama tiba yake.

Katika mifano hii miwili hasara kubwa ilikuwa ya fedha na ya wakati. Kilichouzwa kilikuwa jina pasipo kitu. Kwa sababu hiyo watu wengi waliamini kwamba dawa ya udanganyifu huu ni kumlazimisha muuzaji atie ndani ya chupa kile kilichoandikwa juu yake. Mfano wa tatu waonyesha kwamba imani hiyo haikutosha.

III. Radiamu

Marie na Pierre Curie walitangaza kuwako kwa radiamu mwezi wa Desemba 1898, nao waliliunda jina lake kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya mwonzi. Mwaka 1903 J. J. Thomson alionyesha kwamba maji ya visima yana mnururisho, na jambo hilo lilionekana mara katika chemchemi za maji moto zilizosifiwa tangu kale kwa kuponya. Wafasiri wa soko wakaunganisha mambo mawili: chemchemi huponya, na chemchemi zina mnururisho, kwa hiyo mnururisho huponya. Neno likaenea upesi hata likawekwa juu ya siagi na rangi ya viatu, bidhaa ambazo hazikuhitaji radiamu wala hazikuwa nayo.

Huko Marekani sheria ya mwaka 1906 ilikataza dawa kuandikwa jina la uongo. Mwaka 1911 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kwamba uongo uliokatazwa ni ule unaohusu vitu vilivyomo ndani ya dawa, wala si ule unaohusu nguvu yake ya kuponya. Bunge lilirekebisha mwaka 1912 kwa kukataza pia madai ya uongo ya uponyaji, ila mshitaki alitakiwa kuthibitisha kwamba muuzaji alikusudia kudanganya. Muuzaji aliyeiamini dawa yake mwenyewe, au aliyejua kujionyesha kuwa anaiamini, alikuwa amepona.

Nao madaktari walitafuta kipimo. Kati ya 1916 na 1929 baraza la Chama cha Madaktari cha Marekani lilivikubali vyombo vya kutia mnururisho katika maji ya kunywa endapo vilitoa zaidi ya mikrokuri 2 za gesi ya radoni kwa kila lita katika muda wa saa 24. Chombo kisichofikia kiasi hicho kilihesabiwa kuwa cha ulaghai. Kipimo chenyewe kilikuwa sahihi, na wapimaji walikuwa waaminifu. Lakini kilipima kilichomo, wala hakikupima kitendekacho katika mwili wa mnywaji. Hivyo bidhaa iliyokuwa maji matupu, isiyomdhuru mtu, ilikataliwa, na ile yenye sumu ikapita.

Kuanzia mwaka 1925 William J. A. Bailey wa East Orange, New Jersey, aliuza kinywaji kiitwacho Radithor. Hakuwa tabibu, ijapokuwa alijitwalia cheo cha udaktari. Chupa moja, yenye nusu aunsi ya maji, iliuzwa kwa dola moja, nayo ilitangazwa kuwa imethibitishwa kuwa na mnururisho. Tangazo lilisema kweli: kila chupa ilikuwa na mikrokuri moja au zaidi ya radiamu 226, na kiasi kama hicho cha radiamu 228. Hadi mwaka 1930 zilikuwa zimeuzwa zaidi ya chupa 400,000.

Eben Byers wa Pittsburgh, tajiri wa viwanda na bingwa wa gofu wa Marekani wa mwaka 1906, aliumia mkono mwaka 1927, na daktari wake akamshauri kunywa Radithor. Alijisikia mwenye nguvu, akaendelea kunywa hata akamaliza, kwa makisio, chupa 1,400. Radiamu kwa tabia yake ya kikemia hufanana na kalisi, na mwili huipokea kama kalisi na kuiweka mifupani, ambako huendelea kutoa mionzi. Radiamu 226 hupungua nusu baada ya miaka 1,600. Mifupa ya taya la Byers ilioza na fuvu lake likatoboka. Alifariki tarehe 31 Machi 1932, akiwa na umri wa miaka 51. Mwaka 1965 mabaki yake yalifukuliwa ili yapimwe, na mionzi ilikuwa ingali mingi.

Tume ya Biashara ya Marekani ilimwamuru Bailey kuacha madai yake mwezi wa Desemba 1931, yaani miezi michache tu kabla ya kifo cha Byers. Ni sheria ya mwaka 1938, iliyopitishwa baada ya dawa nyingine ya maji kuua watu zaidi ya mia moja mwaka 1937, iliyomtaka mtengenezaji aonyeshe kwanza kwamba dawa yake mpya haidhuru.

Wakati huo huo huko Ufaransa yaliuzwa mafuta ya uso yenye thoriamu na radiamu, jina lake Tho-Radia, yakitangazwa kuwa ni kwa kanuni ya Daktari Alfred Curie. Jina hilo halikuwa na undugu wowote na Marie na Pierre. Muuzaji hakutaja Curie mwingine. Alimwachia msomaji afanye kosa mwenyewe. Huu ni ujanja wa lugha usiohitaji uongo hata mmoja.

IV. Istilahi za Kiswahili

Wako wanaodhani kwamba udanganyifu wa namna hii hutokana na ugeni wa maneno, na kwamba istilahi zikiundwa kutokana na mizizi ya Kiswahili msomaji atakuwa salama. Historia iliyoelezwa hapo juu haiungi mkono dhana hiyo. Sumaku lilikuwa neno la kawaida kwa watu wa Paris. Na katika matangazo ya Kiswahili ya siku hizi maneno yanayotumiwa vibaya si yale ya kigeni tu, bali pia yale yanayoeleweka na kila mtoto: kuondoa sumu mwilini, kuongeza kinga, kusafisha damu.

Tuchukue sumu. Daktari anayetibu sumu ya risasi hutaja sumu yenyewe, hutaja mikrogramu zake katika desilita ya damu, na baada ya tiba hupima tena. Tangazo husema "sumu" pasipo kuitaja jina, wala kiasi chake kabla na baada, wala kueleza ini na figo zimeshindwa nini. Kadhalika kinga. Chanjo hukinga mwili dhidi ya ugonjwa unaotajwa, na kinga hiyo yaweza kupimwa. Kinga "inayoongezwa" tu, bila ya kusema dhidi ya nini, si lazima iwe neema, kwa maana baridi yabisi yenyewe ni kinga ya mwili iliyogeuka kushambulia viungo. Uwazi wa neno huweza hata kumsaidia muuzaji, kwa sababu msomaji akiielewa sauti yake hudhani ameelewa na maana.

Wanasayansi wenyewe hulishughulikia neno kwa namna nyingine. Casimir Funk alipounda jina la vitamini mwaka 1912, alilitunga kwa neno la Kilatini la uhai na jina la kundi la kemikali liitwalo amini. Ilipobainika kwamba si vitamini zote zilizo za kundi hilo, Jack Drummond alipendekeza mwaka 1920 herufi ya mwisho ya jina la Kiingereza iondolewe, ili neno lisidai lisilo kweli. Hiyo ni herufi moja tu, lakini iliondolewa kwa ajili ya ukweli.

Basi kazi ya mwanaistilahi haimalizikii kwenye kuunda neno. Kamusi inayofasiri mnururisho kuwa ni utoaji wa mionzi imeeleza maana na kuacha nusu ya kazi. Yapasa iongeze kwamba mnururisho hupimwa, hupimwa kwa nini, na kwamba kuwako kwake peke yake hakumwambii mtu kama ni wa kuponya au wa kuua. Haja hiyo haijapungua. Neno linalopendwa na wauzaji wa siha leo ni kwantamu, lililoingizwa katika fizikia na Max Planck mwaka 1900. Kwa Kilatini maana yake ni "kiasi gani". Ndilo swali ambalo wakili wa Byers, lau angalikuwapo mwaka 1927, angalipaswa kuliuliza, kisha aulize la pili: na kiasi hicho kitamfanya nini anywaye?