CAR-T: Seli za kuzima lupasi, na mbona usiuze shamba bado

Lupasi si laana wala kurogwa, msee. Ni kinga ya mwili imechizi: inawacha viini na kushambulia viungo, ngozi na figo zako. Seli B ndizo hutengeneza kingamwili hizo potovu.

CAR-T inawork hivi: unatolewa seli T kwa damu, maabara inazibadilisha jeni zitambue alama ya CD19 kwa seli B, kisha zinarudishwa zikafagie.

2021, timu ya Georg Schett huko Erlangen, Ujerumani, iliripoti mgonjwa wa kwanza wa lupasi, msichana wa miaka 20. Ripoti ya 2024 ilikuwa na wagonjwa 15. Wanane walikuwa na lupasi, na wote walitulia bila dawa za kushusha kinga.

Lakini hii bado ni majaribio. Kwanza unapigwa kemo, na kuna hatari ya homa kali na maambukizi. Akitokea mtu Meru au Embu anakuuzia, huyo ni mkora. Usiuze shamba la miraa.

Viungo vinauma haviishi, na vipele mashavuni? Ingia Embu Level 5 ama Hospitali ya Rufaa ya Meru, uliza kuhusu kipimo cha ANA. Na kama uko kwa steroidi, usiache ghafla.