Mashindano ya Gololi na Wapiga Mbiu Wake

Michezo ya watoto ni sehemu ya utamaduni, nayo ina historia yake kama zilivyo nazo ngoma na mashairi. Gololi, ambazo watoto wetu huzifyatua kwa kidole uani na vichochoroni, zimechezwa na mataifa mengi. Lakini mchezo ni jambo moja na mashindano ni jingine. Mchezo huzuka wenyewe penye watoto na uwanja; mashindano hayana budi kuwa na mwenye kuyapigia mbiu. Twapenda kuwatazama wapiga mbiu hao, na kuuliza waliita watu kwa faida ya nani.

Zamani gololi nyingi za kioo zilitoka Ujerumani. Mwaka 1905, M. F. Christensen wa mji wa Akron, Marekani, alipata hataza ya mashine ya kuziviringisha. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuia bidhaa za Kijerumani, viwanda vya Marekani vilistawi, na gololi zikawa nyingi na rahisi. Mwaka 1922 yakaanza mashindano ya taifa ya nchi hiyo. Gololi 13 hupangwa kwa umbo la msalaba ndani ya duara lenye upana wa futi 10; atanguliaye kutoa saba ndiye mshindi. Wapiga mbiu wakuu wakawa magazeti, hasa ya kampuni ya Scripps-Howard. Mtoto alipata safari na sifa. Gazeti lilipata wasomaji. Mwaka 1948 wasichana nao wakawekewa taji lao. Magazeti yalipojitoa, mashindano hayakufa: yalishikwa na watu wa kujitolea, miongoni mwao wachezaji wa zamani, na tangu 1960 yamefanyika Wildwood, pwani ya New Jersey.

Uingereza ilifuata njia nyingine. Katika kijiji cha Tinsley Green yasimuliwa kwamba, zama za Malkia Elizabeth wa Kwanza, vijana wawili walishindania mchumba, na gololi zikaamua. Hiyo ni hadithi; lililo hakika ni kwamba tangu 1932 watu wazima wamekutana hapo Ijumaa Kuu, nje ya kilabu cha Greyhound, timu za watu sita sita zikigombea gololi 49. Mpiga mbiu hapo ni kijiji chenyewe, na wageni kutoka Ujerumani wamewahi kuondoka na kombe.

Wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Historia hii yatuonyesha kwamba hata chema huhitaji wa kukiita. Aitaye kwa faida yake huondoka faida ikiisha. Aitaye kwa kuupenda mchezo hubaki. Gololi, bao, nage na rede havitadumu kwa kusifiwa vitabuni. Mwalimu mwenye kipande cha chaki, uwanja uliofagiwa na saa moja ya jioni za wanafunzi wake aweza kuwa mpiga mbiu. Asipoita yeye, hao watoto wataitwa na mwingine, na kwa jambo jingine.