Historia ya Miunganisho ya Hifadhidata katika Kurasa za Wavuti

Mnamo mwaka 1993, wataalamu wa NCSA katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walipoweka utaratibu wa CGI ili seva ya wavuti iweze kuita programu nyingine, kurasa zilipata uwezo wa kumjibu kila msomaji kwa haja yake. Walakini, kwa kuwa itifaki ya HTTP haikumbuki ombi lililopita, kila ombi lilizaliwa peke yake na kufa peke yake, na programu iliyolihudumia ilianza upya, ikaiendea hifadhidata, ikatoa jina na neno la siri, ikauliza swali lake, kisha ikafunga kila kitu na kutoweka, hata aghalabu maandalizi ya kuuliza yakawa mazito kuliko swali lenyewe.

Tiba ya kwanza ilikuwa kuuacha muunganisho wazi. Mwaka 1995 ilitokea seva ya wavuti ya NaviServer, iliyoitwa baadaye AOLserver, ikiwa na akiba ya miunganisho ambayo maombi huazima na kurejesha. Mwaka 1996 zikafuata FastCGI na mod_perl, zilizoiwezesha programu kuishi baina ya ombi na ombi. PHP, lugha aliyoianzisha Rasmus Lerdorf, nayo ikapata amri ya mysql_pconnect ya kuuacha wazi muunganisho wa hifadhidata ya MySQL, lakini bila akiba ya jumla: kila mchakato wa seva ya wavuti ya Apache ulishikilia muunganisho wake hata ulipokuwa hauna kazi. Usanidi wa kawaida wa Apache uliruhusu michakato 150, ilhali MySQL ya zama hizo ilikubali miunganisho 100. Wasomaji walipozidi, waliosalia walikuta tangazo la kosa mahali pa ukurasa. Baadaye MySQL ilipandisha kiwango hicho hadi 151, na maelezo yake rasmi yasema kwamba ni kwa ajili ya Apache.

Fauka ya hayo, muunganisho uliorejeshwa ulibeba mabaki ya aliyeutumia: programu ikikatika kabla ya kufungua kufuli la jedwali, kufuli lile lilidumu, na maombi mengine yakangoja bila kujua kosa lao. Kwa sababu hiyo mysqli, kiungo kipya cha PHP kwa MySQL, ilikaa miaka kadhaa bila miunganisho ya kudumu, hadi PHP 5.3 ya mwaka 2009 ilipoiruhusu kwa sharti la usafi: kabla ya muunganisho kupewa mwingine, muamala usiokamilika hutenguliwa, majedwali ya muda hufutwa, na makufuli hufunguliwa.

Hapo ndipo ulipo uzito wa historia hii. Chombo cha kuazima hurudishwa kikiwa kimeoshwa, na wahandisi walihitaji miaka mingi kuuandika wajibu huo ndani ya programu zao. Kuhifadhi muunganisho kulileta kasi. Adabu ya kuurejesha safi, na kwa wakati, ndiyo iliyoifanya kasi hiyo iwe amana ya kutegemewa na watu wote.