Samaki wa kwenye kioo wanakufa kwa nini? Historia fupi

Kuna swali limenifikia zaidi ya mara moja kutoka kwa jamaa zetu wa huku Harrow. Mtu kawanunulia watoto tangi la kioo na samaki sita, wanakula vizuri, hawana hata kidonda, halafu ndani ya wiki mbili wote chali. Familia moja ilifika mpaka kumnunia shangazi aliyekuja kuwatembelea, eti ana jicho baya. Jamani! Kabla hatujavunja udugu kwa ajili ya samaki, tuangalie historia.

Mwaka 1849, hapahapa London, mkemia Robert Warington aliweka samaki wawili wa dhahabu kwenye chombo cha kioo pamoja na mmea wa majini. Alitaka kuona kama mmea utawapa samaki oksijeni ya kutosha bila kubadilisha maji. Ilikwenda vizuri, ila majani yaliyokufa yakaoza na maji yakachafuka. Akaongeza konokono, wakala ule uozo, mambo yakatulia. Matokeo yake akayatangaza 1850.

Kodi ya kioo ilikuwa imefutwa 1845, kwa hiyo kioo kilishuka bei. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ikafungua nyumba ya samaki, na mwaka uliofuata Philip Henry Gosse akatoa kitabu chake kuhusu matangi haya. Watu wakapagawa! Kila sebule ya wenye nacho ikataka tangi. Lakini wengi walijaza samaki kupita kiasi, samaki wakafa, na kufikia miaka ya 1860 homa ile ikapoa.

Kilichokuwa hakijajulikana ni hiki: kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki hutoa amonia, nayo ni sumu isiyoonekana. Maji yanaweza kung'aa kama ya kunywa na bado yakaua. Karibu 1890 Sergei Winogradsky, akiwa Zurich, alionyesha kwamba kuna bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, na wengine wanaogeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina makali kama hayo. Tangi jipya halina bakteria hao wa kutosha. Huchukua wiki kadhaa kuongezeka. Ndiyo maana samaki hufa wiki za mwanzo, na shangazi hahusiki kabisa.

Halafu kuna bomba. Mwaka 1916, katikati ya vita, Dk. Alexander Houston alianza kutia klorini kwenye maji ya mto Thames yaliyokuwa yakiletwa London. Sisi binadamu tukapona maradhi, lakini klorini huunguza matamvua ya samaki. Zamani watu waliacha maji kwenye ndoo usiku kucha ili klorini ipae. Siku hizi makampuni mengi hutumia kloramini, ambayo haipai kirahisi hivyo. Na ukisuuza sponji ya chujio kwa maji ya bomba, unawaua wale bakteria wako mwenyewe.

Msidhani ni mambo ya Wazungu tu. Mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021, sangara wengi walielea wamekufa Ziwa Victoria, upande wa Uganda na Kenya. Watu wakahisi sumu. Serikali ya Uganda ilieleza kwamba oksijeni ilikuwa imepungua majini, baada ya dhoruba kukoroga maji ya chini na ya juu. Sangara anahitaji oksijeni nyingi, kwa hiyo akatangulia yeye.

Kwa hiyo wadau, samaki akifa bila kidonda, msikimbilie dawa. Pimeni amonia na nitriti, vipimo vinauzwa kwenye maduka ya samaki. Badilisheni sehemu tu ya maji, tieni kwanza dawa ya kuondoa klorini, punguzeni chakula, na anzeni na samaki wachache. Mwenye swali au uzoefu wake atuandikie hapo chini, tujifunze pamoja.

Alamsiki.