Mama Aliyelaumiwa Bure

Katika mwaka 1943, Leo Kanner, tabibu wa maradhi ya akili za watoto katika mji wa Baltimore, Marekani, aliandika habari za watoto 11, wa kiume 8 na wa kike 3. Watoto hao walipenda upweke, walichukizwa na kila badiliko, na baadhi yao hawakusema kabisa. Hali hiyo leo twaiita usonji.

Kanner aliona kwamba walizaliwa nayo. Walakini aliandika pia kwamba wazazi wao wengi hawakuwa watu wa upendo mwingi. Neno hili la pili ndilo lililoshikwa. Kwa miaka mingi mama aliambiwa kwamba ubaridi wa moyo wake ndio uliomharibu mwanawe.

Mwaka 1964 Bernard Rimland, mtaalamu wa elimu ya nafsi na baba wa mtoto wa namna hiyo, alitoa kitabu kuonyesha kwamba asili yake imo mwilini. Mwaka 1969 Kanner mwenyewe aliwaambia wazazi mkutanoni kwamba hawana hatia. Mwaka 1977 uchunguzi wa jozi 21 za mapacha katika Uingereza ulionyesha kwamba urithi una sehemu kubwa.

Basi, msomaji, ukiona mtoto wa miaka miwili haitiki jina lake, wala haonyeshi kitu kwa kidole, usitafute wa kumlaumu. Na apelekwe kwa tabibu mapema, afundishwe kusema na kucheza na wenziwe. Mama mwenye kushitakiwa humficha mwanawe. Mama mwenye kusaidiwa humfundisha.